Chuma cha Milimita Ishirini na Sita

Trei arobaini nyuma, mayai elfu moja na mia mbili,
na Noah yangu ikifika kipilefti
inaegama, inaegama,
kama mtu anayemwinamia jirani msibani amwambie jambo.
Nasikia nyuma: kwaruu.
Hiyo ni trei ya juu imehama.
Hiyo ni elfu tisa.

Mdogo wangu Ndahani, ambaye hana gari
ila ana maoni ya kila gari lipitalo Ihumwa,
akasema: "Dada, tatizo ni stabilaiza.
Ya kwako nyembamba kama kidole cha mgonjwa.
Weka nene. Itashika njia kama ruba."

Nikauza kuku kumi na wawili waliochoka kutaga,
nikanunua chuma.
Kimepakwa rangi nyekundu, kizito mapajani,
kimepindwa kama upinde wa mwindaji aliyeghairi.
Milimita ishirini na sita.
Cha zamani kilikuwa na ishirini na moja;
Fundi Chilewa alikipima mbele yangu
halafu akanyamaza, ule ukimya wa fundi
anayengoja mteja aulize,
na mteja haulizi.

Siku ya kwanza, lami ya Ihumwa kwenda mjini,
usiniulize!
Kipilefti cha kwanza nilikizunguka mara mbili kwa raha tu.
Gari wima, trei kimya,
na mimi nimekuwa dereva, mimi.
Mwenye bodaboda alinipigia honi ndefu.
Nilidhani ni pongezi.

Lakini mimi siishi kwenye kipilefti.
Naishi Hombolo,
na kati ya Hombolo na lami kuna lile vumbi jekundu
lenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia,
na makorongo yaliyochimbwa na mvua ya Januari
yakasahauliwa na kila mwezi uliofuata.

Huko ndiko chuma kilikoanza kusema ukweli.
Zamani gurudumu la kushoto likidumbukia
la kulia halikuwa na habari,
liliendelea na safari zake.
Sasa yamefungwa kiuno kwa kiuno:
moja likijikwaa, la pili linaruka.
Kashimo ka upande mmoja
kamekuwa shimo la gari zima,
na kichwa changu kinakwenda kushoto, kulia,
kama cha mtu anayekataa posa asiyoletewa.
Mayai hayakuhama tena.
Yalipasuka yalipo.

Jumatano nilihesabu kumi na saba.
Alhamisi ishirini na mawili.
Enzi za kuegama, siku mbaya kabisa ilikuwa tisa.

Nikaenda Kizota. Chilewa yuko chini ya lori,
inaonekana miguu tu. Nikaieleza miguu.
Miguu ikacheka.
Akatoka, akafuta mikono,
akachukua kopo la maziwa ya mtoto
akanimwagia kiganjani mipira miwili iliyoliwa,
laini kama ngozi ya maharage yaliyolala.
"Bushi zako hizo. Zilikufa kabla hujalinunua gari.
Chuma chako hakikuwa chembamba, mama.
Kilikuwa hakina wa kukishika."

Mbona hukuniambia?

"Ulikuja na chuma mkononi.
Mtu akija na jibu, swali nampa la nini?"

Bushi mbili, linki mbili,
elfu thelathini na nane pamoja na ufundi.
Kile chembamba kikarudi kwao.

Sasa nikifika kipilefti, Noah inaegama kidogo,
kiasi cha mtu kusalimia bila kuvua kofia.
Mimi nami nimejifunza kuinua mguu mapema;
spea hiyo haina duka.
Ndahani anasema bado sijaona kitu,
ningefunga shokapu za gesi.

Chuma chekundu kiko bandani,
nimekilaza kutoka ukuta hadi ukuta.
Jioni mitetea wanarukia juu yake, mmoja mmoja,
wanajipanga, wanafumba macho.
Hakitikisiki hata kidogo.